Sajenti Anazikwa na Cheo Chake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Kadi yake inasema 1954, lakini mama yake alisema kadi haikuwepo chumbani siku ile, yeye alikuwepo. Tunafuata neno la mama.

Alisoma hadi darasa la saba, akabeba mizigo sokoni, na Februari 1974 akaingia polisi. Mwaka 1988 alipata tepe za sajenti, na sajenti ndivyo anavyozikwa leo. Mkewe ameshasema.

Alioa Agosti 1979, akamwoa muuza mboga wa soko alilokuwa akililinda. Alipokwenda kuposa alivaa sare, baba mkwe akadhani kuna mtu anatafutwa, akatorokea mlango wa nyuma. Ikabidi arudi siku nyingine na shati la kawaida.

Kazi yake hakuifanyia kitini. Kichochoro cha nyuma ya stendi kilikuwa kinakula watu. Akina mama wanaokwenda sokoni alfajiri walinyang'anywa mikoba na kupigwa juu yake. Marehemu aliomba balbu kwa mwenye duka la vifaa, akapanda ngazi na sare yake, akazifunga, kisha akawagawia akina mama filimbi. Ndipo mtaa ukamwita Afande Balbu. Siku moja aliteleza, akaangukia tenga la nyanya. Mwenye nyanya akamwambia, “Haya afande, umezikamata zote, zipeleke mahakamani!”

Uporaji ukaisha. Na hapo ndipo makosa yake yalipoanza.

Mwaka 1996 makao makuu walileta mkakati wa taifa wa kufuatilia na kupunguza uhalifu. Kila kituo kilitakiwa kupeleka idadi ya waliokamatwa, na kituo chenye mahabusu tupu kikahesabiwa kuwa kimelala. Mkuu wa kituo akamwita.

“Sajenti, mbona mahabusu yako mtu anaweza kucheza mpira?”

“Wezi wamehama, afande.”

“Makao makuu hawahesabu waliohama. Jumamosi nataka karandinga lijae.”

Lijae nani? Vijana wa mikokoteni, mafundi baiskeli, yeyote aliyekaa barazani. Jumamosi marehemu alizunguka mtaa mzima, akarudi na karandinga tupu.

“Wako wapi?”

“Niliwakuta kazini, afande. Nikawaacha wafanye kazi.”

Tepe zake zilikatwa kwa wembe uwanjani pa kituo, wenzake wakiangalia viatu vyao. Akawa konstebo wa kufungua geti mpaka alipostaafu mwaka 2008. Kabla ya kustaafu waliambiwa, yeye na mkewe, kwamba akiandika barua ya kukiri kosa ataondoka na cheo chake. Mkewe akamwambia, “Baba, ukiandika usirudi kwangu.” Akacheka. “Nitakuachia wewe uiandike, mama. Mwandiko wako hakuna mkuu atakayeusoma.” Barua haikuandikwa.

Kisukari kilimshika mwaka 2015. Mwaka 2019 alikatwa mguu, akasema afadhali huu, tepe walizikata bila ganzi. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, mchana, wodini, mkewe akimnyoa ndevu. Upande mmoja ulikuwa haujamalizika. Mkewe aliumaliza.

Juzi walikuja maafisa wawili wakitaka hapa pasomwe “konstebo mstaafu”. Pasiposomwa hivyo, hawaleti tarumbeta wala wabebaji. Mkewe aliwapa viti, akawapa chai, akawaambia, “Wanangu, jeneza lina vishikio, na mtaa huu una mikono. Nendeni salama.” Wakaenda. Leo mmeona wenyewe waliombeba: akina mama wa sokoni mbele, wasukuma mikokoteni nyuma, na kijana wa baiskeli ambaye sasa ana wajukuu, anayesema nusura alijaze karandinga lile. Tarumbeta hakuna. Filimbi mmezisikia.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Msalaba umeandikwa SAJENTI kwa rangi nyeusi ya mafuta, na mkewe anakaa karibu na makaburi haya, atakuwa anapita kuangalia. Anayetaka kuufuta atamkuta.

Sajenti, Mungu akupumzishe kwa amani.