Kofia Haziendi Dukani

Baraza ya nyumba ya Kheir, huko Ng'ambo, Unguja, iko chini ya dirisha, na nyuma ya dirisha hukaa mkewe, Mayasa, sindano mkononi. Wanaume humpa mgongo wakanywa kahawa. Safari hii Idi inabisha hodi, kofia za zamani zimechakaa, mpya hazionekani dukani. Zitaonekanaje, na ziko kashani kwa Mayasa na wenzake wanaoshonea majumbani? Hazitoki mpaka tajiri Muslim, mwenye duka, aje wakae kitako, awaite kwa jina la wafanyakazi, wapatane ujira. Kheir hakumuuliza mkewe, na asoulizwa hasemi. Muslim alicheka, akaagiza kwa washonaji wa Bara Hindi. Na wale Mayasa kasema nao kwa simu, kwa mkalimani, wakaahidi kutomvunjia mgomo. Lakini ahadi ya mtu usomjua hata uso! Toka alfajiri roho yake iko juu.

— Uzi umekwisha Dubai, alisema Sabri, wanomwita Redio. Meli imezama nao.

— Meli gani, yakhe? Kheir akasonya. Hili jini. Jini la kike, lapenda vichwa vitupu. Wahenga washasema, asosikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu na kofia wapi na wapi?

— We kunywa kahawa.

— Basi wazungu wanazinunua zote, wanawavika paka wao.

— Paka!

— Paka mmoja kofia saba. Haba na haba hujaza kibaba.

Mayasa akauma uzi asicheke.

Mara huyo Muslim, jasho tele, kichwa kitupu.

— Ah, tajiri, na wewe? Redio akashangaa. Si umeagiza Bara Hindi?

— Wamekataa. Ati hawawavunji wenzao wa Unguja. Nkajaribu kwengine, jibu lile lile.

Sindano ikamponyoka Mayasa. Hawakumtupa!

— Nambieni, Muslim akauliza, mfanyakazi Bi Mayasa anakaa wapi?

Wakatazamana.

— Mfanyakazi? Redio akakuna kichwa. Mtaa huu simjui.

— Mayasa wa hapa mke wangu, alisema Kheir. Lakini huyo hana kazi. Yuko ndani tu, anashona.

Muslim akageukia dirisha. Akapaza sauti:

— Bi Mayasa! Mfanyakazi!

— Naam!

Dirisha likafunguka paa. Wote wakageuka.

— Ngoja, tajiri, nifunge uzi, kisha niwaite wenzangu. Na wewe Kheir, inuka, mpishe mgeni akae. Kaja kazini kwangu.

Kheir akainuka, kikombe mkononi, asijue akae wapi.