Midomo ya Maharusi wa Mwaka Sabini

Kijiwe cha Mudrik muuza kahawa kipo Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, pale uchochoro unapojikunja na vespa hupita kwa kuomba njia. Kila alasiri barazani hukaa wazee watatu. Yupo Mbarouk, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Ahmada, anayeitwa Meli, maana alifanya kazi bandarini, na tangu hapo kwake kila kitu duniani kimeletwa na meli. Na yupo Silima, waliyempa jina la Kimya. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika, kuta zinanukia chokaa mbichi, na kwenye dirisha la juu mtu anafukiza udi. Saa kama hizo Silima humuota mkewe, Zeyana, aliyefariki miaka tisa nyuma. Humuota macho wazi, na kahawa inampoa mkononi.

Akatokea msichana na kisanduku begani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia.

Akajitambulisha kuwa ni Thuwaiba, mpambaji wa maharusi, duka lake Darajani. Kesho anampamba binti anayeitwa Mize, na Mize anataka kufanana na bibi yake siku aliyoolewa, mwaka sabini.

Thuwaiba: Macho nshayapata. Wanja mnene mpaka pembeni, nyusi nyembamba, nywele zimegawiwa katikati. Mdomo ndio unanishinda. Nimekusanya picha za maharusi wa miaka ile kwenye nyumba sita, na wote sita mdomo rangi moja. Nnataka kujua ilikuwa rangi gani, na ikipatikana wapi.

Simu yake yenye picha hizo ikazunguka mkono hadi mkono. Ilipomfika Silima, akaisogeza karibu na macho. Rangi ile haikuwa nyekundu wala ya waridi. Ilikuwa rangi ya karafuu inapoanza kuiva mtini.

Meli: Hiyo ililetwa na meli. Ilishusha mchele, na chini ya mchele mna makasha ya rangi za midomo.

Thuwaiba: Lakini babu, naambiwa wakati ule hata sabuni ilikuwa ya foleni.

Meli: Ndiyo maana zikafichwa chini ya mchele.

Redio: Usimsikilize huyu. Ni maji. Maji ya mfereji ya wakati ule yalikuwa na chuma. Mwanamke akiyanywa tangu udogoni, mdomo unaiva wenyewe.

Mudrik: Mbona wako haukuiva?

Redio: Mie nimekulia Mangapwani. Sisi tukinywa maji ya kisima.

Meli: Basi ni mwezi. Watu walikuwa ndiyo kwanza wameukanyaga, ukatibuka. Harusi zetu zikichezwa chini ya mwezi, nyuso za wanawake zikashika rangi.

Redio: Mwezi gani? Mke wangu Ulfat yuko pichani ukutani nyumbani na mdomo huo huo, na rangi yake nilimnunulia mwenyewe.

Thuwaiba: Ulinunua wapi, babu?

Redio alikohoa, akaomba kikombe kingine.

Silima hakuwa pale tena. Alikuwa chumba cha nyuma cha duka la picha alilokuwa akifanyia kazi, kijana wa miaka ishirini na mbili, jua linaingia kwa ufa wa dirisha na kuangukia meza. Watu walijua kwamba alikuwa akiosha picha tu. Mwenye duka aliwaambia wateja kuwa mashine yake mpya ndiyo itoayo rangi, akamkataza Silima asiseme neno. Lakini picha zilitoka nyeusi na nyeupe, na rangi alizitia Silima, kwa pamba na brashi nyembamba. Maharusi wenyewe hakuwahi kuwaona. Mdomo mmoja tu ndio aliokuwa akiujua vizuri.

Thuwaiba: Nikikosa leo, kesho n'tampaka nyekundu ya dukani. Jana nilimjaribishia akalia. Akasema huyu si bibi.

Silima alimtazama Redio, sahibu yake wa miaka yote, anayejivunia picha yake ukutani. Akamtazama msichana. Kikombe akakiweka chini.

— Rangi hizo nilizitia mimi, akasema.

Hakuna aliyecheka. Silima akaeleza mashine, pamba na brashi, na sauti yake ilikuwa haijazoea kusema maneno mengi.

— Kila picha ya harusi ikija nilimtilia biharusi mdomo wa Zeyana. Sikujua mwengine.

Redio alikaa kitako vizuri.

— Kwa hiyo mie miaka hamsini na kitu namwangalia mke wangu ukutani na mdomo wa mkeo?

— Niwie radhi, Mbarouk.

— Na mie nilishaapa kwa watoto kuwa nilimnunulia, Redio akasema polepole, na kwa mara ya kwanza barazani akanyamaza mwenyewe.

Thuwaiba alifungua kisanduku, akanyoosha mgongo wa mkono.

— Nitilie hapa, babu.

Silima akashika brashi. Mara ya kwanza ikatoka nzito. Mara ya pili ikapauka. Mara ya tatu akachanganya wekundu kidogo na rangi ya udongo, akapitisha kidole juu yake, akasita. Pale kwenye ngozi ya mtoto wa watu palikuwa na Zeyana, amegeuka mlangoni, anataka kusema kitu. Silima aliuinamia mkono ule, na hakujali kwamba wenzake wanamwona.

— Ndiyo hii, alisema.

— Kesho Mize atatoka nayo, Thuwaiba akasema, akiutazama mkono wake. Na yeye Bi Zeyana, na wakati ule madukani hakuna kitu, alikuwa akipaka nini?

Mudrik alilitikisa dele la kahawa, halikuwa na kitu.

Silima alitafuta akilini. Alikumbuka meza ya kioo ya mkewe na chanuo, na kikopo kidogo cha bati alichokiona kila asubuhi kwa miaka arobaini na mitano.

— Sijui, mwanangu, alisema. Sikumuuliza.