Symphorien Kapya, Aliyemkana Mama Yake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Donat, mdogo wake marehemu, na familia imenituma kuwasomea maisha yake, kazi ambayo ningependa mwingine aifanye, lakini marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, alituagiza tusifiche neno.

Symphorien Kapya alizaliwa Kasenga tarehe 14 Machi 1921, mtoto wa kwanza wa Pierre Kapya, mfanyakazi wa reli, na wa Mama Kunda, muuza samaki. Mwaka 1927 baba aliileta familia Élisabethville, na Symphorien akaingia shule ya misheni, ambako mtoto aliyesikika akisema Kibemba alifagia uwanja peke yake wenzake wakicheza, basi akajizoeza kunyamaza, kisha kusema Kifaransa tu, hata nyumbani, hata mama alipomwita kula.

Mwaka 1940 alipata kazi ya ukarani katika nyumba moja ya biashara, tarehe 20 Julai 1946 akafunga ndoa na Albertine, na Mungu akawapa watoto wawili, Régine na Floribert, ambao aliwakataza Kibemba kabisa, hivyo bibi yao, aliyehamia kwao katika mtaa wa Kenya, hapa mjini, baada ya baba kufariki, aliongea nao Kiswahili cha kubahatisha.

Sasa nafika pale panaponitia haya. Mwezi Agosti 1953 marehemu aliomba ile karte ya évolué, ya mtu mweusi aliyehesabiwa kuishi kizungu, na wazungu wa tume wakaja kukagua nyumba, wakatazama meza, vitanda, choo, hatimaye mmoja akamwona Mama Kunda mlangoni pa jiko, miguu mitupu, akauliza ni nani, na kaka yangu akajibu kwa Kifaransa kwamba ni mtumishi.

Wageni walipotoka, mama alimuuliza Régine, aliyekuwa na miaka sita:

« Baba yako alisema nini juu yangu? »

« Alisema we uko mutumishi. »

« Bon, leta masahani, nioshe. »

Akaosha yote, akayapanga, na asubuhi akapanda lori la samaki kurudi Kasenga. Karte ilitoka mwezi Oktoba, na Albertine anasema mumewe hakuwahi kumwonyesha mgeni yeyote.

Alimfuata mama mara mbili, mama akampokea, akampikia, lakini alisema naye Kibemba tu, na kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, alihitaji jirani amfasirie maneno ya mama yake mwenyewe. Aliporudi mjini alianza kujifunza kwa akina mama wa soko la Kenya, ambao walimcheka waziwazi, naye akavumilia.

Mwezi Mei 1957 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na mama akaja bila kuitwa, akamwosha kwa mikono yake. Siku moja kaka alimwambia: « Mayo, njeleleniko », yaani mama, unisamehe, na mama akamjibu maneno marefu, ambayo hatujui kaka alielewa mangapi, ila alilia. Alifariki tarehe 9 Novemba 1957.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomtunza, majirani wa Kenya waliolala nasi matangani, nanyi wenzake wa kazi, ambao wengi wenu mliambiwa kwamba mama yake alikufa zamani. Yule aliyeketi chini karibu na jeneza, mwenye kitambaa cheusi, ni Kunda, ndiye aliyemzaa. Kabla hamjatoka, mumpe pole yeye kwanza.

Kaka Symphorien, tumesema kama ulivyotuagiza. Lala sasa, upumzike.