Kimaren Sempele na Usukani wa Mashua ya Zahanati

Ndugu Kimaren Sempele anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na sita, kwanza Kilosa ilipokuwa ya shirika la umma, kisha hapa Mikumi baada ya kuuzwa kwa mtu binafsi. Sisi wa stoo tumemzoea kwa ubishi wake. Ukimpa sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, huigeuza-geuza, huibonyeza kwa ukucha, halafu hukurudishia kwa upole na kuomba nyingine. Akipita mkubwa wake, shikamoo haikosi, hata kama inabidi itokee uvunguni mwa gari.

Alizaliwa katika familia ya wafugaji upande wa Zombo, na baba yake alitegemea angechunga ng'ombe. Yeye akavutwa na matrekta ya mashamba ya mkonge. Haidroliki, yaani oili inayosukumwa na pampu mpaka silinda ipate nguvu, ndiyo imekuwa kazi ya maisha yake. Lakini ninalotaka likumbukwe si la trekta.

Mwaka 1994 lori lililobeba mashua ya matanga liliingia kwetu, stelingi ikivuja oili. Mashua ilikuwa ya zahanati moja kando ya Ziwa Nyasa, ikirudi Kyela kutoka matengenezo Dar es Salaam. Nahodha wake, Mzee Lupakisyo, alikaa kwenye benchi letu akimtazama Kimaren akifanya kazi. Taratibu akamweleza kilichokuwa kinamsumbua. Mwaka uliopita mama mmoja alishikwa na uchungu katikati ya ziwa, upepo ukiwa mkali. Nesi alikuwa peke yake, akaomba msaada. Lupakisyo hakuweza kuuachia usukani. Mtoto hakupona.

Sasa zahanati ilitaka mtambo wa haidroliki wa kushika usukani wenyewe. Biashara ilikuwa imefunguliwa na maduka ya Dar yamejaa bidhaa. Muuzaji mmoja alimpendekezea Lupakisyo mtambo mdogo kwa kuangalia urefu wa mashua tu, mwingine akamsifia mkubwa wenye kasi.

“Fundi, ingekuwa wewe ungechukua upi?”

Kimaren alianza na maswali. Aliuliza mashua ikijaa watu na dawa ina uzito gani, na betri inaendesha nini kingine. Inaendesha friji ya chanjo, akaambiwa. Walibishana mpaka chai ikapoa. Lupakisyo ndiye aliyemfundisha kwamba mashua nzito haitaki kugeuzwa kwa pupa, inataka mkono wenye nguvu usio na haraka. Hapo wakaafikiana: silinda kubwa ya kuhimili mawimbi, na pampu ndogo isiyomaliza betri. Kimaren akaweka sharti moja, pawepo valvu ya kuiachia oili, ili umeme ukikatika nahodha aongoze kwa mkono.

Alikwenda Kyela kuufunga mtambo mwenyewe wakati wa likizo. Hakuwahi kupanda chombo cha majini, na alitapika kabla hata matanga hayajapandishwa. Siku ya majaribio upepo ulizidi, ubao alioufungia silinda ukapasuka. Lupakisyo akafungua valvu, akashika usukani, akawarudisha nchi kavu. Kimaren alikaa mchangani akiukagua ubao uliopasuka. Likizo ilikuwa inakwisha, na huku Mikumi tajiri mpya alikuwa anapunguza wafanyakazi. Alilijua hilo. Akabaki, akaifunga silinda upya kwenye mbavu zenyewe za mashua.

Aliporudi, tajiri alimwita mbele yetu.

“Mzee Kimaren, unajua nilishakuondoa kazini?”

“Najua, bosi. Lakini ningewaachaje majini na kitu nilichowachagulia mimi?”

Tajiri akamwambia akavae ovaroli. Wenzetu wengine waliopunguzwa mwezi ule hawakurudi, na Kimaren hajawahi kulisimulia jambo hilo kama ushindi.

Mwaka uliofuata dereva mmoja alituletea salamu kutoka Kyela. Mama mwingine alikuwa amejifungua ziwani, mtambo ukiongoza mashua na Lupakisyo akimsaidia nesi. Mtoto ni wa kike, mzima. Kimaren alishukuru, akaenda nyuma ya karakana, akakaa huko peke yake mpaka tulipomfuata kwa chakula.

Sasa anahamia Berega, anakofanya kazi mkewe, Nalepo. Kwa miaka mingi wameonana mwisho wa mwezi tu. Mama, asante kwa kutuazima mumeo. Nawe Kimaren, asante kwa mikono yako na kwa subira yako kwetu. Tunakuombea afya njema, na asubuhi ukinywa chai na mkeo, asitokee mtu wa kukuita kabla kikombe hakijaisha.

Filomena Ngassa, Stoo