Mwalimu wa Vikopo Vitatu: Adoch Teresa Lamwaka (1980–2025)

Mwalimu Adoch Teresa Lamwaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1980 katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Tarcisio Olal, askari wa trafiki, na marehemu Mama Anena. Mimi Kidega ninayesoma haya ni kitinda mimba, kwa hiyo mengine nimesimuliwa na mengine nimeyaona.

Alianza shule ya msingi mwaka 1987. Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya gwaride, alimwaga mchuzi wa manjano kwenye shati jeupe la sare ya trafiki la Baba. Alikuwa amemwona Mama akitia bluu ya kufulia ili nguo nyeupe zing'ae, basi akaikoroga nyingi na kulichovya doa humo. Doa halikutoka, liligeuka kijani. Baba alilitazama shati, akasema, "Mimi niko trafiki. Nani amenipeleka jeshi?" Adoch hakuchapwa, ila Baba alikwenda gwarideni na shati la kuazima lililombana tumbo. Kambi nzima ilicheka, isipokuwa Baba.

Alimaliza sekondari Kibuli mwaka 1998. Baba alikuwa ameshamchukulia fomu za polisi, lakini yeye akachagua ualimu wa chekechea, akahitimu chuo cha Kyambogo mwaka 2001. Siku ya mahafali Baba hakuja. Alisema, "Watu wanatafuta kazi, huyu anatafuta rangi." Maneno hayo yalimuuma dada yangu, na kwa zaidi ya miaka ishirini alingoja Baba akanyage darasani kwake.

Januari 2002 aliajiriwa katika chekechea iliyo karibu na soko la Ggaba, na humo alifundisha darasa la bebi, la watoto wadogo kabisa, hadi mwaka huu. Rangi za dukani zilipokosekana, alipika uji mzito wa muhogo, akaugawa katika vikopo vitatu: kimoja manjano ya jikoni, kimoja bluu ya kufulia, kimoja maji ya bitiruti. Hakuwaambia watoto kijani kinatoka wapi. Aliwaacha wachovye vidole wenyewe, wakosee, wapate. Mzazi akilalamikia sare, alimjibu, "Mama, huo si uchafu. Hayo ni masomo." Duara alifundisha kwa chapati na pembetatu kwa sambusa, na aliyejibu sawa alikula mtihani wake.

Kwa mraba alihitaji maboksi. Alikwenda kuyaomba kwa Bwana Khisa, mfanyabiashara wa samaki kutoka Bungoma, akarudi na maboksi na mchumba. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2004, wakajaliwa Vera na Travis.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2016, kikamshambulia macho. Kufikia Januari mwaka huu alikuwa haoni kabisa. Shule ilikubali aendelee iwapo angepatikana mtu mzima wa kumsaidia darasani. Sisi tulikuwa tukitazamana, Baba akasema, "Mimi niko." Ana miaka sabini na saba. Kila asubuhi alimshika mkono bintiye, akanyoosha kiganja barabarani, na bodaboda zikasimama. Darasani alikalia kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu. Wiki nzima hakugusa kitu. Wiki ya pili mtoto mmoja, Reine, alimsukumia vikopo viwili, akamwita babu kwa Kiganda: "Jajja, wewe pia changanya." Babu wa watu akachanganya.

Adoch akauliza, "Baba, imetoka rangi gani?"

"Kijani," Baba akajibu. "Ya jeshi."

Dada yangu alicheka mpaka akashika meza. Baba naye alicheka, miaka thelathini na saba baadaye.

Mwalimu Adoch alifariki hospitalini tarehe 2 Septemba 2025, saa nne asubuhi, baada ya figo kushindwa. Tulipofungua sanduku la Baba kumtafutia nguo za leo, tulilikuta shati lile, limepigwa pasi na kukunjwa, doa lake bado lina ukijani. Baba amelivaa hapa mbele yenu. Siku hizi linampwaya.

Ameacha mume, Bwana Khisa. Watoto wawili, Vera na Travis. Mimi mdogo wake. Na baba yake, Mzee Olal. Nilikuwa nimeandika "trafiki mstaafu". Mzee amenikataza. Ameniagiza niandike hivi: msaidizi wa darasa la bebi, Jumatatu anaripoti kazini.

Pumzika, dada. Mungu akupe amani yake.