Pijo ya Joash Haijatelekezwa

Kijiwe cha nyuma ya soko la Migori hakina benchi, kina kiti cha gari. Ni kiti cha nyuma cha Pijo ya Joash, kilichong'olewa mwaka wa pili baada ya mwenyewe kuondoka, kikapandishwa juu ya matofali, na tangu hapo kimekaliwa na wapiga porojo wengi kuliko abiria kiliowahi kubeba. Pijo yenyewe iko hatua chache kutoka hapo. Ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya maziwa ya jana, na ubavuni bado imeandikwa Nyar Nam, yaani binti wa ziwa. Benta huweka jiko na birika lake la kahawa ya tangawizi juu ya boneti kwa sababu, eti, boneti hiyo imezoea moto. Okari, ambaye watu humwita Donda, jina la mtaani la kondakta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kondakta wa gari hilo, hukaa upande ule ule aliokaa zamani, karibu na mlango usiokuwepo. Ufunguo wa Pijo ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Asubuhi hiyo ya Jumanne walikuwa wakihema na kujipangusa jasho. Walikuwa wametoka kuisukuma Pijo hatua mbili, kama walivyofanya kila Jumanne kwa wiki sita. Yote yalianzia kwenye karatasi ambayo kaunti ilibandika kwenye mlingoti wa stima: gari lililoachwa barabarani, likikaa siku thelathini bila kusogea, litavutwa na kupigwa mnada. Aliyeisoma ni Gisiri, jina la kijiweni Wakili. Sheria hajasomea, ila aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya ng'ombe iliyochukua miaka minne, na hapo ndipo alipopata shahada. Ni yeye aliyewaambia kwamba gari likisogea, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Basi Maroa, fundi wa pikipiki anayeitwa Injinia, akaziba pancha nne, akajaza upepo, na kazi ikaanza.

— Sasa waje, Wakili akasema, akipokea kikombe. Waje na tepu yao wapime. Hii gari inatembea, hata kipofu ataona.

— Inatembea kama mtu ametoka kufanyiwa operesheni, Injinia akasema.

— Si inatembea? Sheria haijasema mbio.

— Na mimi mnanipeleka wapi? Benta akauliza. Nilianza kuuza kahawa hapa nikiwa kwa kivuli cha mwarobaini. Saa hii jua lote la Migori ni langu peke yangu.

— Vumilia, nyaminwa, dada yetu, Okari akamwambia. Joash akirudi atakununulia mwavuli.

 Okari akayafumba macho akaiona Homa Bay alfajiri, magunia ya omena, dagaa wa ziwani, yakifungwa kwenye keria juu ya paa, kina mama wakigombania kiti cha mbele, na yeye kijana mwembamba, mguu mmoja ndani na mwingine hewani, akiita Rongo, Oyugis, Rongo, Oyugis. Joash hakuwa akiondoa gari mpaka Okari agonge paa mara mbili. Hata njia ikiwa nyeupe, hata askari akiwapungia mkono, hapana, lazima agongewe. Alisema gari ni la watu wawili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kusema twende. Ah, siku zile zilikuwa tamu! Hata ile harufu ya omena Okari aliitamani, na ndiyo iliyowahi kumkosesha mchumba.

Injini ilipokufa, Joash alisema anaenda Masara siku mbili tatu, akajaribu bahati kwenye mashimo ya dhahabu, apate ya kununua injini nyingine. Alimwachia ufunguo. Mwaka huu ni wa kumi na moja.

— Mimi najua mahali ako, Injinia akaanza, kama alivyoanza Jumanne iliyopita. Alivuka mpaka pale Isebania. Ako Tarime na gereji kubwa, ameoa, ametoa kitambi.

— Wacha ushamba, Wakili akasema. Gereji ya nini? Joash aliokota jiwe la dhahabu kama kichwa ya mbuzi. Sasa mtu kama huyo anaweza kurudi hapa mumuombe? Alibadilisha jina. Ako Mwanza na malori matatu, na kila lori imeandikwa Nyar Nam.

— Malori! Benta akacheka. Binamu yangu alimwona kwa simu. Ni nabii. Anaombea watu kwa uwanja, ameshika kitambaa nyeupe. Alimjua na masikio.

— Masikio peke yake? Wakili akauliza.

— Wewe hukumbuki masikio ya Joash?

Injinia akaweka kikombe chini. Hakuwa tayari kushindwa na nabii.

— Sikizeni. Joash alichimba. Akachimba, akachimba, mpaka akatokea upande wa Tanzania, chini kwa chini. Sasa wakamuuliza, umeingilia wapi? Hana karatasi. Ndiyo maana hawezi kurudi. Ataambia nani alipitia kwa shimo?

Okari alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Alizipenda hadithi hizo zote, hata ile ya nabii, kwa sababu katika kila moja Joash alikuwa hai.

Wakati huo ndipo alipofika msichana mmoja wa kaunti, koti la kung'aa, tepu mkononi, na beji iliyoandikwa Dorine.

— Wazee wangu, hamjambo. Mama, habari yako. Hii gari ni ya nani?

Wakili akasimama, akafunga kifungo cha shati.

— Madam, kabla hujaendelea. Hii gari haijatelekezwa. Imesogea leo asubuhi, na mashahidi ndio hawa.

— Imesogea kutoka wapi?

— Kutoka kwa ule mwarobaini. Hatua kumi na mbili kwa wiki sita, Wakili akasema, kifua mbele.

Dorine akautazama mti, akalitazama jiwe la mpaka lililochomoza kwenye nyasi, kisha akazitazama tairi za Pijo.

— Mzee, pale kwa mti ni ploti ya mtu. Gari ikiwa ndani ya ploti na mwenye ploti hajalalamika, sisi hatuna shida nayo. Ile karatasi ni ya magari ya barabarani. Akaonyesha kwa kidole chini ya boneti. Barabara ndiyo hii sasa.



— Yawa! Benta akapiga kofi. Mmetoa gari kwa kitanda mkaipeleka seli wenyewe!

— Wakili, omera, ndugu yangu, Injinia akauliza pole pole. Ile kesi ya ng'ombe, kwani mlishinda?

— Mimi nilikuwa shahidi tu.

Dorine alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Akasema brekidauni ya kuvuta magari itapita saa nane. Wairudishe ndani kabla ya hapo na yeye hatakuwa ameona kitu. Ila jina la mwenyewe lazima aliandike.

— Joash, Okari akasema.

— Simu yake?

— Ilizimika siku ya tatu.

— Alienda wapi?

— Masara.

Kalamu ikasimama.

— Masara hii yetu? Si ni hapa tu na boda? Alienda lini?

— Miaka kumi na moja.

— Na nani alienda kumtafuta?

Aliuliza tu, kama mtu anayejaza fomu, bila ubaya wowote. Wakili akachungulia ndani ya kikombe. Injinia akaanza kusugua girisi kwenye kucha.  Okari alikuwa ameosha vioo vya Pijo kila Jumamosi. Alikuwa amefukuza mbuzi, mvua, na wanunuzi wa chuma chakavu. Alikuwa amekwenda Homa Bay kwenye matanga, na Oyugis mara nyingi mno. Masara hakuwahi kukanyaga. Aliogopa, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Aliogopa kwamba huko angeuliza, na mtu angemjibu.

Benta akainua birika awamiminie tena. Lilikuwa tupu.

Waliirudisha Pijo hatua zote kumi na mbili, Dorine naye akiwa ameweka bega. Ilipoingia chini ya mwarobaini, Okari akavua ufunguo shingoni akauweka kwenye kiganja cha Benta.

— Akija nikiwa sipo, umpe.

Injinia alikuwa ameshaigeuza pikipiki upande wa Masara na kuiwasha, bila kuambiwa. Okari akapanda nyuma, akatafuta kwa mkono paa ambalo halikuwepo, kisha akamgonga begani mara mbili.