Msamaha kwa Yeyote Aliyekwazika

Kijiwe chetu kipo Mtoni, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa, kwenye ukuta wa gereji iliyofungwa siku nyingi. Kina mabenchi mawili, kivuli mpaka saa tano, na kahawa ya Shomari, mtu ambaye haongei mpaka vikombe vya kwanza viishe. Wakili ni Fredrick, muuza viatu vya mtumba; sheria hajaisoma hata siku moja. VAR ni Benjamin, fundi pancha, kwa kuwa kila ubishi lazima aurudishe nyuma autazame upya. Mie naitwa Mashaka, nachora mabango ya maduka, ila kijiweni ni Mbatizaji, maana majina yote haya nimeyatoa mie. Jumatano ile tulikuwa na ishu moja tu mdomoni: klipu ya afisa.

Afisa mwenyewe ni Bwana Luhende, aliyeletwa mtaani kwetu kuandikisha wazee wa kutibiwa macho. Wiki moja nyuma, kwenye foleni alikuwepo bibi mmoja Mmakonde, muuza ming'oko, vile viazi vyembamba vya kusini, mwenye chale uso mzima. Zamu yake ilipofika, afisa alimtazama akamwambia mbele ya watu: "Mama Ramani, hiyo ramani yako usoni inaonyesha Msumbiji. Ifuate urudi kwenu, hapa tunaandika Watanzania." Watu wakacheka. Bibi akachukua kitambulisho chake mezani, akaondoka bila kuandikwa. Mtu alirekodi, ikasambaa. Jumanne afisa naye akatoa ya kwake, shati jeupe, bendera nyuma: "Naomba radhi kwa yeyote aliyekwazika."

— Yeyote, Wakili akasema. Hilo neno la kisheria. Ukisema "yeyote" hujakiri kitu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hiyo methali ya wodi ya wazazi, VAR akamwambia.

— Inafaa hapa. Anaficha, kwa hiyo msamaha hautozaliwa.

— Mie ile klipu nimeirudisha mara tisa. Akifika kwenye "radhi" macho yanakwenda pembeni. Anasoma, braza. Kuna mtu kashika karatasi.

— Anasoma nini? Shomari akauliza. Vikombe vya kwanza vilikuwa vimeisha.

— Fomu, VAR akajibu. Nyie mnadhani wakubwa wanatungaga wenyewe? Kuna ofisi mahali, ina fomu za msamaha. Pameachwa nafasi: cheo, tarehe, aina ya kosa. Unajaza, unavaa shati jeupe, unasoma.

— Na jina la aliyetukanwa?

— Hiyo nafasi haipo. Ndio maana wanasema "yeyote".

Wakili akatikisa kichwa kama mtu mwenye siri nzito.

— Hamjaona mbali. Jamaa anakaa Kimara. Kila asubuhi anavuka jiji zima kuja huku. Ametukana makusudi ili ahamishiwe karibu na kwake. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

— Kwa hiyo ngamani ndio Kimara? VAR akauliza.

— Sasa wewe ulidhani ni wapi?

Hapo nami nikaona nisipitwe.

— Maneno ni bure, nikasema. Achanjwe na yeye chale, moja kwa kila neno alilomwambia yule mama. Zikipona, ndio aombe msamaha. Tutamwamini.

Tukacheka wote. Ndipo akafika Sekela, fundi cherehani kutoka Tukuyu, siku ya tatu tangu apange chumba nyumba ya pili. Alikuja kununua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Nimesikia mnamsema yule bibi wa kwenye klipu. Anaitwa nani?

— Mama Ramani, VAR akajibu.

— Si ndivyo alivyoitwa na afisa?

— Ndivyo anavyoitwa mtaa mzima, sista. Hata na watoto.

— Basi hilo jina alipewa na nani?

Wakili akainama kukagua soli ya kiatu chake. VAR hakurudisha nyuma chochote. Shomari alinitazama mara moja, akahamishia macho kwenye mkaa.

Wote walijua. Miaka kumi na moja iliyopita bibi yule alipita na beseni lake la ming'oko, nami nikasema, "Huyu hapotei njia, ramani anayo usoni." Kijiwe kikafurahi. Jina likatembea kwa miguu yake mpaka kwenye foleni, na afisa mgeni akalikuta hapo limeiva. Tena siku ya foleni nilikuwepo. Nilicheka kuliko wengi.

Sekela akachukua kashata yake.

— Samahanini, akasema. Mie mgeni, nauliza tu.

Kahawa yangu sikuimaliza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kumtafuta yule bibi. Njiani nikagundua siwezi hata kuuliza nyumba yake. Jina nililomtungia sikutaka kulitamka, na lake sikulijua. Nikawa nauliza, "Kwa bibi anayeuza ming'oko ni wapi?" Nikamkuta uani kwake, kaketi kwenye mkeka, anaosha ming'oko.

— Hodi. Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Leo bado sijachemsha.

— Sijafuata ming'oko. Lile jina alilokuita afisa, nililitunga mie.

Aliendelea kuosha.

— Najua.

— Nani alikwambia?

— Nilisikia siku ileile. Mlidhani mtu akijitwika beseni na masikio yanazibwa? Nikasema, vijana, watachoka. Hamkuchoka.

Nikaona afadhali nitoe yote kwa pamoja.

— Na kwenye foleni, bibi, nilikuwepo. Nilicheka.

— Hilo sikuliona. Macho yangu yana ukungu. Si ndio maana nilikwenda kuandikwa.

Nilichuchumaa pale alipo.

— Naomba unisamehe, bibi.

Alikausha mikono kwenye kanga, akapitisha kidole shavuni, juu ya mistari.

— Hizi nilichanjwa Newala, nina miaka kumi na miwili. Wenzangu walilia. Mie sikulia. Mama yangu alizunguka nyumba kwa nyumba siku ile akiwaambia watu, Demetria hakulia.

Akaushusha mkono.

— Ndilo jina langu. Demetria.

— Nimesikia, Bibi Demetria. Mie naitwa Mashaka.

— Wewe nimekusamehe, maana umekuja kwa miguu yako ukasema ulichofanya. Yule wa kwenye simu, mjukuu wangu alinisikilizisha. Sikuelewa alikuwa anaongea na nani.

Akalivuta beseni karibu.

— Jumamosi wanaandika tena. Kila mzee wanamtaka aje na mtu wa mtaani wa kumthibitisha. Utakuja?

Jumamosi nilikwenda, na kijiwe chote kikanifuata, hata Shomari, aliyeliacha birika kwa Sekela. Bwana Luhende alikuwepo mezani. Alipomwona bibi akasimama. Hakukuwa na bendera wala mtu aliyeshika karatasi. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye klipu, na jasho lilikuwa limemloanisha kola.

— Mama, naomba kwanza unitajie jina lako.

— Demetria Nankoma.

— Mama Demetria, wiki iliyopita nilikutukana hapahapa, mbele ya watu hawa. Nilikwambia wewe si wa hapa kwa sababu ya uso wako. Nilikosea. Nakuomba radhi.

Bibi alimgeuzia uso wake wote, kama anayemtafuta ndani ya ukungu.

— Nimekusikia, akasema. Sasa andika, wenzangu wanasubiri.

Afisa akakaa, akaandika jina, akaandika Newala, akaandika Mtoni. Halafu akaninyooshea kalamu.

— Wewe ndiye unayemthibitisha? Unamfahamu mama huyu?

— Namfahamu.

— Tangu lini?

Ningeweza kusema miaka kumi na moja, na hakuna ambaye angenipinga.

— Kwa jina lake, tangu Alhamisi.

Bwana Luhende alinitazama kidogo. Nadhani alielewa. Akainama, akaandika hivyohivyo, akanionyesha pa kutia sahihi.

Aliyeandikwa alipimwa macho palepale. Kiti cha kupimia kilikuwa juu barazani, ngazi tano, na ngazi zenyewe bibi hakuziona vizuri. Akanyoosha mkono upande wangu.

— Nishike, Mashaka, akasema. Twende taratibu.